Hongo ya Maji

Wajukuu zangu, mnaponiletea picha ya kiwanja kwenye simu na kuniuliza, "Bibi, hapa pakoje?", huwa mnanikera kidogo. Picha inaonyesha nyasi. Mimi sijawahi kufanya kazi ya nyasi. Nimefanya kazi ya mashimo tangu usichana wangu mpaka mvi zikanitoka, na ukitaka nikuambie kiwanja chako kikoje, chimba shimo linalopita kimo chako, uingie ndani, ndipo unipigie.

Kazini tuliitwa wapima udongo. Vijijini waliniita Mama Mashimo, na jina hilo limenifuata mpaka huku Miyuji ninakokula pensheni. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: kabla ya kujengwa barabara, shule au tangi la maji, sisi tunatangulia na sululu na chepeo. Tunachimba, tunaingia, tunausoma ukuta wa shimo kutoka juu hadi chini, tunajaza sampuli kwenye mifuko, tunafukia. Ukiifanya vizuri hakuna anayekukumbuka. Jengo likisimama imara, anasifiwa fundi aliyepaka rangi.

Aliyenifundisha kusoma ukuta wa shimo ni Mzee Doto, Mnyamwezi wa Tabora, mfupi, mwenye sauti ya kuamsha kijiji kizima. Mimi ni Mgogo wa Buigiri. Wengi wenu mmezaliwa mjini na hamjui hilo lina maana gani, kwa hiyo nieleze. Wagogo na Wanyamwezi ni watani. Zamani Wanyamwezi walipita nchi yetu na mizigo kwenda na kurudi pwani, na kwa ukame wetu huu hawakuweza kuvuka bila kunywa maji ya visima vyetu. Babu zetu wakawatoza hongo. Si hongo ya siku hizi, ya kupenyezwa chini ya meza. Ile ilikuwa ushuru wa wazi, mara nyingi nguo: unalipa, unakunywa, unapita.

Siku ya kwanza kazini nilimwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia "Marahaba," akaniuliza kwetu wapi. Nikasema Buigiri.

"Mgogo," akasema, akaweka chepeo chini. "Mlituuzia maji ya matope kwa nguo mpya."

"Na bado hamjamaliza kulipa," nikamjibu.

Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo sikuwa mwanafunzi wake tu, nilikuwa mtani wake, na mtani ana ruhusa ambazo mwanafunzi hana. Mtani anaweza kukutania mbele ya wakwe zako. Ukifa anaweza hata kuingia kaburini kwako, akakaa humo na kukataa kutoka mpaka ndugu zako wampe anachotaka, na hakuna wa kumkasirikia. Ninyi mkiona hivyo leo mtatoa simu mrekodi. Kwetu ilikuwa njia ya kuwafuta machozi wafiwa, na mtani asipofanya hivyo watu wanauliza kama mlikuwa na ugomvi.

Sasa turudi kwenye udongo. Mzee Doto alikuwa na tabia ya kuuonja. Anachukua chembe kidogo, anaiweka kwenye meno ya mbele, anasaga polepole. Kichanga kinakwaruza. Mfinyanzi unanata kwenye meno na kuteleza. Mimi, kwa kiherehere cha mgeni, shimo la kwanza kabisa nikachota udongo wa ukingoni nikatia mdomoni huku nimekunja uso kama mtaalamu. Akaniacha nitafune. Nilipomaliza akaniuliza kwa upole, "Umeona mbuzi walilala wapi jana?" Tangu siku hiyo nanusa kwanza. Ninyi msionje kabisa. Chukueni udongo kiganjani, lowesheni, viringisheni uwe kama kamba ya kiatu. Ukikatika haraka una mchanga mwingi. Ukikubali kupinda mpaka ukawa pete, huo ni mfinyanzi, na usiuwekee msingi kabla ya kuzungumza na anayejua.

Shemeji yenu wa Ipagala alijenga kwanza, akazungumza baadaye. Aliweka nyumba kwenye kipande cha bondeni chenye udongo mweusi wa mbuga. Udongo ule ukinywa maji unavimba, ukikauka unasinyaa na kupasuka nyufa za kuingiza mkono. Mwaka wa pili ukuta wa sebule uliachana na ukuta wa chumba, na yeye akaja kwangu kulaumu simenti. Nilimpeleka mpaka kiwanja kile, nikamwonyesha kilima kilicho juu yake, nikamwambia simenti haina kosa, kwamba nyumba yake imekaa juu ya kilima kilichosagwa.

Hilo nalo ni somo la Mzee Doto. Mchana mmoja tulikuwa tunakula chini ya vile vilima vya Dodoma mnavyovipiga picha, vyenye mawe makubwa ya mviringo yaliyobebana. Akaniuliza, "Nani aliyapanga mawe yale?"

"Mungu," nikasema.

"Sawa. Kwa kutumia nini?"

Akanieleza akiwa na ugali mkononi. Mawe yale yote yalikuwa jabali moja chini ya ardhi, lenye nyufa. Maji yakaingia kwenye nyufa, yakaliozesha jabali pole pole kwenye pembe zake, na katikati ya kila kipande likabaki tumba gumu kama kokwa la embe. Mvua za miaka isiyohesabika zikaosha ule uozo, matumba yakabaki yamesimama. Jua la mchana na baridi ya usiku vikaendelea kuyamenya ngozi kama kitunguu. Kwa hiyo mawe hayakupandishwa juu na mtu yeyote, ardhi ndiyo iliyoshuka. Kilichooshwa kikaenda: mchanga mzito ukatua karibu, kwenye miguu ya kilima, ndiyo maana huko kuna mashamba mepesi na mito ya mchanga. Mfinyanzi mwepesi ukasafiri na maji mpaka bondeni, ukawa mbuga. Kilima kimoja, mvua ile ile, na bado unapata mawe, mchanga na tope, kila kimoja na tabia yake. Nilisahau kula siku ile.

Tulipotumwa Kondoa nikajua kuna nchi ya namna nyingine. Huko udongo ni mwekundu na mnene mno, na makorongo yameuchana kwenda chini kiasi kwamba ukisimama ndani unaona mbingu kama njia. Tulifikia kwa mkulima mmoja Mrangi, mtu mkarimu sana, aliyetupikia kila siku na kutuzungusha kwenye makorongo yake baada ya sala ya alasiri. Alituonyesha mahali palipokuwa shamba la baba yake. Palikuwa hewa tupu. Mzee Doto aliteremka mpaka chini, akautazama ukuta mwekundu kutoka juu mpaka miguuni pake, akapiga mtaimbo chini mara kadhaa. Uliita "bu, bu".

"Udongo huu hauna mfupa," akasema.

Alimaanisha hauna mwamba. Korongo hupanda mlima kwa kurudi nyuma: maji yanaanguka kwenye ncha yake, yanachimba chini, ukingo unamomonyoka, ncha inasogea. Litaendelea hivyo mpaka likutane na kitu kigumu. Ukitaka kulizuia kwa ukuta, msingi wa ukuta ukae kwenye mfupa, maana ukikaa kwenye udongo maji yatapita chini yake. Alinifundisha kuusikia mwamba. Jiwe lililolala peke yake udongoni likipigwa mtaimbo linatoa sauti fupi iliyoziba. Mwamba wenyewe unaita, na mtetemo unakupanda mpaka kwenye viwiko. Lakini msikate tamaa na Kondoa. Nilirudi huko miaka mingi baadaye, nikakuta milima ambayo mifugo iliondolewa ikapumzika imerudisha nyasi na miti, na ndani ya makorongo ya zamani watu wanalima miwa na migomba.

Mzee Doto alipostaafu hakurudi Tabora. Mkewe alikuwa Mgogo wa kijiji kimoja huko Chamwino, mbele ya Buigiri, jina la kijiji nitaliacha. Akajenga pale, akawa anakuja kunisalimia mjini na kunikumbusha kwamba ameoa bila kupunguziwa mahari. Na korongo likamfuata huko huko.

Lilianza kama mfereji wa njia ya ng'ombe chini ya kijiji. Nilipopelekwa kulikagua, mwaka wangu wa mwisho kazini, lilikuwa limeshameza goli moja la uwanja wa mpira na ncha yake ilikuwa inaelekea shule ya msingi. Vizuizi viwili vya mawe yaliyofungwa kwa wavu wa waya vilikuwa vimeshajengwa, na vyote viwili maji yalivichimba kwa chini vikapinduka. Nilikuwa na injinia kijana, binti anaitwa Neema, mwenye akili na asiyependa kudanganya watu. Mbele ya kamati ya shule alisema wazi, "Nikijenga cha tatu kwenye udongo huu kitaondoka kama wenzake. Nipeni mwamba."

Tukachimba kutafuta mwamba. Tulichimba kando ya korongo, tukachimba kwenye ua wa shule. Udongo mwekundu, mwekundu, mwekundu. Halmashauri ikasema bila mwamba hakuna kizuizi, na bila kizuizi shule itafungwa kabla ya mvua za msimu wa pili, watoto wahamie kijiji cha ng'ambo ya mto wa mchanga. Mnaijua mito ile. Miezi mingi unavuka na viatu vyako, halafu siku moja ya mvua inashuka na miti mizima. Wajukuu wa Mzee Doto walikuwa wanasoma pale, na yeye ndiye aliyekuwa akitupokea kila tukifika, na mkongojo wake, akitaka kuonyeshwa kila ukuta wa shimo.

Kati ya ncha ya korongo na shule kulikuwa na makaburi ya kijiji yaliyozungushiwa ua wa minyaa, na pembeni mwa minyaa ndipo kinapopita kijito cha mchanga kinachopeleka maji korongoni. Mashimo yetu yote yalikuwa chini ya makaburi au juu yake. Pale penyewe hatukugusa, na hakuna aliyetuambia tuguse.

"Pale kuna wakwe zangu," Mzee Doto alisema. "Ukitaka kuuona udongo wa pale, mtani, subiri nife."

"Usikawie basi," nikamwambia, "mvua inakuja."

Akacheka kile kicheko chake cha kukaa chini. Nimekirudia kichwani mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema, kwa sababu kabla ya mwezi kuisha nilipigiwa simu kwamba Mzee Doto amelala na hakuamka.

Nilikwenda nikiwa sina nguvu. Na nilipofika msibani nikamkuta amekaa kwenye mkeka, mzima, amejifunga shuka. Alikuwa Kulwa, pacha wake, aliyesafiri kutoka Tabora na ambaye nilikuwa nikimsikia tu kwa jina. Sura ile ile, sauti ile ile. Alinitazama akasema, "Wewe ndiye Mgogo." Nikalia.

Siku ya maziko, baada ya ibada, jeneza likaletwa makaburini. Wanawake wenzangu walinitazama, maana walijua mimi ni mtani na utani haujatimizwa. Kusema kweli sikutaka. Lakini niliwaza atakavyonicheka huko aliko, Mgogo gani huyu anayeacha Mnyamwezi aondoke bure. Nikajifunga kanga kiunoni, nikawapita vijana, nikateremka kaburini kama nilivyoteremka mashimoni maisha yangu yote, nikakaa.

"Hazikwi mtu," nikasema. "Mwaka wa ngapi huu Wanyamwezi wanakunywa maji yetu? Nataka hongo."

Watu wakaanza kucheka, hata mjane akacheka huku anafuta machozi. Kulwa akasogea ukingoni akatoa noti. Nikaikataa. Akatoa nyingine. Nikainua uso ili nimjibu maneno ya utani, na macho yangu, kwa mazoea tu, yakapita kwenye ukuta wa kaburi kutoka juu hadi chini.

Udongo mwekundu, wa kawaida. Chini yake mstari wa kokoto. Na upande wa miguu, chini kabisa, wachimbaji walikuwa wamekwepa kitu cheupe. Nilikipangusa kwa kanga. Lilikuwa jiwe jeupe gumu, lile linalotoa cheche likigongwa na sululu, na halikuwa na mwisho kushoto wala kulia. Mshipa. Jiwe la namna hiyo hujaza ufa wa mwamba wa zamani na kuukata mwamba kwa mstari ulionyooka, jembamba tu, upana wa kitanda. Ukichimba hatua chache juu yake au chini yake hulioni.

"Nipeni mtaimbo," nikasema.

Kicheko kikapungua. Mchungaji akauliza kama naumwa. Kijana mmoja wa kuchimba akanipa mtaimbo kwa wasiwasi, nikapiga lile jiwe. Liliita. Mtetemo ukanipanda mpaka kwenye viwiko, nikapiga tena kwenye kona nyingine, likaita vile vile. Nikaweka mtaimbo chini nikalia kwa sauti humo kaburini, na waliokuwa juu wakadhani utani umenishinda.

"Mtani," Kulwa akaniita taratibu kwa sauti ya Doto, "unataka nini utoke?"

"Sitaki hela. Nataka watu."

"Wangapi?"

"Kila mwenye jembe kijijini hapa, Jumamosi. Nje ya minyaa, si humu. Nitawaonyesha pa kuchimba. Bila hivyo nalala hapa na yeye alale juu yangu."

Kulwa akageuka akawatazama watu. Mwalimu mkuu, aliyekuwa amesimama nyuma ya wanakwaya, ndiye aliyeanza kuelewa. Akanyoosha mkono juu kama mwanafunzi. Wakafuata wengine.

"Hongo imekubaliwa," Kulwa akasema. "Toka sasa, ndugu yangu apumzike."

Vijana wachimba makaburi waliniambia baadaye kwamba safu ile isiyochimbika waliijua siku nyingi, walikuwa wakiikwepa kila msiba. Hatukuwauliza, kwa kuwa mambo ya kaburini hayaulizwi, nao hawakudhani yanaihusu shule. Basi ninyi mnaokwenda kupima ardhi za watu na vyombo vyenu vizuri, heshimuni makaburi, lakini kaeni chini mnywe chai na wachimbaji wake.

Jumamosi walikuja wengi kuliko waliokuwa mazikoni. Nilichukua mwelekeo wa ule mshipa, nikasimama nje ya minyaa, nikawaambia chimbeni hapa. Shimo la kwanza hatukupata kitu na nikaona watu wakitazamana. Nilikuwa nimesimama kushoto mno. Shimo la pili, karibu na kijito, sululu ilitoa cheche. La tatu likatoa cheche katikati ya kijito chenyewe, kina cha kiuno tu. Neema akavua viatu akaingia, akaligusa jiwe kwa viganja vyote viwili, akaniambia, "Mama, hapa najenga."

Akajenga. Alichimba mpaka kwenye jiwe kutoka ukingo hadi ukingo, akauinua ukuta juu ya mfupa, na wanakijiji wakasomba mawe na kupanda nyasi na mikonge kwenye kingo. Mvua za kwanza nilikesha Miyuji nikisikiliza bati. Asubuhi mwalimu mkuu alinipigia. Korongo lilikuwa limepanda mpaka kwenye jiwe jeupe, likasimama. Na maji yaliyozuiwa nyuma ya ukuta yaliacha mchanga, masika baada ya masika, mpaka kijito kikajaa mchanga mpaka usawa wa ukuta. Shule haijafungwa. Wamejenga hata darasa jipya.

Kuna jambo moja ambalo mchanga hufanya na tope haliwezi. Unaficha maji jua lisiyaone. Kiangazi cha karibuni Kulwa alikuja kuzuru kaburi la pacha wake, nikaenda kumpokea. Tulipotoka makaburini tulikuta wanawake wamefukua vishimo kwenye mchanga ule nyuma ya ukuta, na kila kishimo kina maji. Shuleni watoto walikuwa wanaimba majedwali ya kuzidisha. Nilikuwa na kiu. Nikainama na kata.

Mkongojo ukanizuia kifuani. Nikainua macho nikaiona sura ya Doto, imekunjamana kwa kujizuia kucheka.

"Mgogo," akasema. "Hongo kwanza."

"Maji ya kwetu haya, mtani."

"Maji ya kwenu. Na jiwe lililoyashika alikuonyesha nani?"

Wanawake wote wakaacha kuchota wakinisubiri nijibu. Nilikuwa na kanga mpya mabegani, ndiyo kwanza naivaa. Nikaivua, nikaikunja vizuri, nikampa kwa mikono miwili.

Kulwa akaishika, akaitazama mbele na nyuma kama mtoza ushuru, akauondoa mkongojo. Nikapiga magoti mchangani nikanywa. Hayakuwa na tope hata chembe.